Mzee wa miaka 19: wiki ya mmisionari kijana akipangiwa kusini

Shati jeupe huharibikia ukosini. Kwenye joto la pwani ya kusini mwa Tanzania, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, jasho na vumbi huchora mstari wa kahawia ndani ya ukosi siku ile ile ya kwanza, na mstari huo ukiachwa ulale wiki nzima hautoki tena. Kijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (mitaani tunawaita Wamormoni, ingawa tangu 2018 wenyewe wamekuwa wakisisitiza jina lao kamili) akipangiwa Mtwara au Lindi, somo lake la kwanza halimo kwenye vitabu alivyopewa. Ni kulowesha ukosi na makwapa kila jioni, kupaka sabuni ya kipande, kuacha dakika 20 hadi 30, kisha kusugua kitambaa kwa kitambaa. Brashi ngumu inakwangua nyuzi na ukosi unaota manyoya. Jiki nayo si ya doa la jasho. Doa hugeuka njano na kukaa humo milele. Limau na jua vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na limau kusini si la kutafuta kwa tochi.

Kuna suala la maji pia. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na maji ya chumvi hayatoi povu. Ukifulia hayo peke yake, shati jeupe linakuwa la kijivu ndani ya mwezi mmoja. Fua kwa maji ya kisima kama hakuna mengine, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua.

Nimeanza na kufua kwa makusudi. Watu wakimfikiria mmisionari wanamwona akihubiri. Lakini huyu ni kijana anayeweza kuanza akiwa na miaka 18 tu, anakaa miezi 24 (wasichana 18), mbali na mama na dada waliokuwa wakimfulia, na anaishi na mtu ambaye hakumchagua. Wengi wao hawajawahi kufua hata soksi. Anayeshindwa mapema, mara nyingi ameshindwa na ndoo, jiko na mwenzake wa chumbani kabla hajafika kwenye maandiko.

Siku inayobeba wiki ni Jumatatu. Wanaiita siku ya maandalizi, na kwa kawaida huisha saa 12 jioni, wakati wa kurudi tena kazini. Siku nzima ikionekana ndefu, ihesabu: kufua, kupiga pasi, sokoni, kusafisha nyumba, kunyoa nywele, kumwandikia rais wa misheni (mkuu wa wamisionari wa eneo lao) barua ya wiki, kuongea na nyumbani. Kosa la wageni wote ni kuanza na simu. Simu inakula asubuhi, nguo zinaanikwa saa 9 alasiri, na mvua za Januari hazimsubiri mtu. Kwa Mtwara, nguo ziwe zimelowekwa kabla ya chai ya asubuhi na ziwe kwenye kamba kabla ya saa 4. Kwa watu 2, hesabu madumu 4 ya lita 20 kwa siku za kawaida, na Jumatatu ongeza 3. Anayejaza madumu Jumapili usiku atalala vizuri kuliko anayetegemea bomba la asubuhi.

Kuhusu simu, sheria ililegezwa Februari 2019. Kabla ya hapo mmisionari aliongea na wazazi mara mbili kwa mwaka, Krismasi na siku ya akina mama, mengine yote yakawa ya barua. Sasa anaweza kupiga kila wiki, hata kwa video. Kwa kijana aliyetoka Kenya au Kongo saa hazisumbui. Aliyetoka Utah lazima apige hesabu: saa 10 jioni ya Mtwara kule ni saa 12 asubuhi, au saa 1 wakati wao wa kiangazi. Nunua bando Jumamosi, chaji betri ya akiba Jumapili. Umeme ukikatika Jumatatu saa 9, mama wa watu anakaa na simu mkononi hadi jua lichomoze kwao, na kijana anaanza wiki akiwa ameinamisha kichwa. Naona uhuru huu ni mzuri, ila una gharama yake: kijana mwenye upweke anaporefusha simu ikachukua saa 2 nzima, siku inayofuata upweke umeongezeka.

Halafu kuna majina. Kiswahili cha kanisa hili kinamwita mmisionari wa kiume Mzee, na wa kike Dada. Dada halina tatizo. Lakini mtoto wa miaka 19 mwenye kibandiko cheusi kifuani kilichoandikwa Mzee, akipita mbele ya wazee wa kweli wanaocheza bao chini ya mwembe, ataulizwa tu: mzee wa nini? Njia rahisi ni kucheka nao na kutoa shikamoo kwanza, kwa kila mmoja, si shikamoo moja ya kugawana. Vivyo hivyo kwa wilaya na kata. Kwao wilaya ni kundi la jozi chache za wamisionari, na kiongozi wa wilaya ni kijana mwenzao. Kata ni ushirika wa waumini. Ukisema mtaani Mikindani kwamba jioni unakutana na kiongozi wa wilaya, watu watadhani una kesi.

Ratiba yenyewe niipitie haraka. Kuamka saa 12:30 asubuhi, mazoezi ya nusu saa, kuoga, chai isiyo chai (nitaifikia), kujifunza maandiko peke yako, kisha na mwenzako, na lugha kwa asiyejua. Kutoka. Kurudi kama saa 3 au 3:30 usiku, kupanga kesho, kulala saa 4:30. Rais wa misheni anaweza kusogeza saa kulingana na mahali, na kwa kusini ni busara. Jua la saa 6 hadi saa 9 alasiri halina mtu wa kumtembelea. Watu wamejipumzisha au wako shamba. Afadhali kusoma mchana, kutoka alasiri.

Msimu unapanga mengine. Kuanzia kama Mei hadi Agosti wakulima wanapulizia salfa mikorosho yao, na kazi hiyo ni ya alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili vumbi lishike. Ukipita njia ya shambani saa 1 asubuhi na shati jeupe unarudi wa njano, macho yanawasha, na utaoga mara mbili harufu isitoke. Oktoba hadi Desemba ni mavuno. Nyumba nyingi za vijijini zina watoto na bibi tu hadi jioni. Minada ikishaanza na malipo yakaingia, watu wako mjini, mabati yananunuliwa, harusi zinafungwa. Likizo za shule, Juni na Desemba, ni za jando na unyago. Ukiona njia imewekwa alama au ukaambiwa huko wanakaa wali, yaani wanaofundwa, geuka. Usiulize kinachofanyika, usipige picha, na usije kesho yake kuuliza tena.

Ijumaa mchana usibishe hodi kwa mtu. Ramadhani usile wala kunywa njiani, hata maji, ingawa kiu ni yako na dini ni ya wengine. Ingia uani ndipo unywe. Baada ya futari watu wanakwenda tarawehe, kwa hiyo mwezi huo ni wa ziara fupi. Mtu akikuambia yeye ni Mwislamu na hana haja, mshukuru, muulize habari za watoto, ondoka. Akikukaribisha kwenye malumbano ya vifungu mbele ya watu, usikae. Mihadhara tunaijua: hakuna anayeshinda, na jirani zako watakukumbuka kwa kelele tu.

Lindi hasa, kutembea nyumba kwa nyumba na mkoba begani si kitu kigeni. Neno machinga, tunalowaita wachuuzi nchi nzima, lilitokana na Wamachinga wa huko huko. Tofauti ni kwamba machinga akifika unajua anauza nini. Vijana hawa wakifika wanaulizwa: mnajenga hospitali? Swali ni la haki. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru. Wabenediktini wakaanzisha Ndanda 1906, na hospitali yao watu wanaitegemea hadi leo. Kusini, neno misheni lina harufu ya dawa na ubao wa darasani. Kijana wa miaka 19 hana hospitali mfukoni na asidokeze kwamba inakuja. Jibu la kweli ni fupi: hatujengi, tunafundisha na tunasaidia kazi za mikono. Anayeahidi kisima ili akaribishwe ndani anawaharibia jozi tano zitakazokuja baada yake.

Kabla ya hodi ya kwanza mtaani, hata hivyo, kuna hodi ya ofisi. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au wa kijiji, na barua ya utambulisho, jina na mahali mnapokaa. Mgeni wa nje ya nchi atembee na nakala ya pasi na kibali cha ukaazi. Vya asili vikae ndani, mahali pasipofikiwa na unyevu. Wanaoruka hatua hii huitwa siku ya tatu, na kujieleza ukiwa umeitwa ni kugumu kuliko kujieleza ukiwa umekwenda mwenyewe.

Na wakikukaribisha, hapo ndipo chai inapokuja. Kanuni yao ya afya, ya mwaka 1833, inakataza pombe, tumbaku, kahawa na majani ya chai. Sasa mwambie hivyo bibi aliyekwisha bandika sufuria. Ukikataa kwa kusema “hatunywi”, umekataa nyumba. Sema mapema, kabla moto haujawashwa: “Ahsante bibi, majani ya chai hatutumii, ila kama kuna mchaichai tutafurahi.” Mchaichai umeota nyuma ya nyumba nyingi na haugharimu kitu. Tangawizi na maji ya moto bila majani pia sawa. Maji matupu ni sawa zaidi, ila ya kuchemshwa, na hilo hulisemi, unaomba uji.

Uraka unahitaji jicho. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yakikamuliwa asubuhi yanatoa juisi tamu yenye kukausha ulimi kidogo, haina neno. Juisi hiyo hiyo ikilala kwenye ndoo inaanza kutoa povu dogo pembeni, harufu inakuwa kali, na kesho yake ni uraka, pombe kamili. Ikienda kwenye moto na mrija ni gongo. Kwa hiyo swali la kuuliza si “hii ni nini?” kwa sababu jibu litakuwa “mabibo tu”. Uliza imekamuliwa lini. Na usiachie bibo lidondoke kwenye shati: maji yake yanaacha doa la kahawia ambalo hata ule ukosi ni nafuu. Suuza hapo hapo, kabla halijakauka.

Huduma ndiyo sehemu ninayoona wengi wanaikosea, kwa kuifanya iwe ya picha. Kuokota taka sokoni saa moja, fulana zimefanana, basi. Kusini kazi ya kusaidia iko wazi miezi mitatu ya mwaka, na ni korosho. Kuziokota kunafanyika chini ya mti, kila siku au baada ya siku moja, kwa zilizoanguka zenyewe. Ukitikisa tawi unaangusha changa. Kila moja inanyofolewa kutoka kwenye bibo lake kwa kuizungusha, na hakikisha hakibaki kipande cha nyama ya tunda, maana hicho ndicho kinacholeta ukungu ghalani. Kisha juani siku 2 hadi 3, juu ya mkeka au turubai, zikigeuzwa. Iliyokauka inagonga ndani ya ganda ukiitikisa sikioni. Halafu kuchambua: nzima huku, udang'a (za daraja la chini) kule. Zikichanganywa, chama cha msingi cha ushirika kinazirudisha au kinazishusha daraja, na hasara si ya msaidizi, ni ya mwenye shamba. Kwa hiyo siku ya kwanza chambua mbele ya mwenyewe, arekebishe mkono wako. Magunia yawe ya katani au juti. Mfuko wa plastiki unazuia hewa.

Kubangua ni kazi nyingine kabisa, usijitolee tu kwa kuwa una moyo. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi kama asidi. Akina mama wanaobangua nyumbani hupaka mikono majivu au mafuta kwanza, na hata hivyo vidole vyao vimebadilika rangi. Mgeni asiye na glavu anatoka na malengelenge siku inayofuata, mara nyingi pia usoni, kwa sababu alijifuta jasho. Kama huna glavu, chota maji, pasua kuni, chunga watoto. Hiyo nayo ni huduma.

Kuna sheria zao zinazoshangaza watu wa pwani. Hawaogelei. Unaweza kumkuta kijana amekaa wiki sita karibu na bahari hajaingia hata magoti. Hawatembei mmoja mmoja: jozi inaonana na kusikiana muda wote, isipokuwa chooni na kwenye mahojiano. Hawakai ndani na mwanamke peke yake. Hii ya mwisho kusini ina maana kubwa, kwa sababu mume akiwa shamba, vijana wawili wa kiume wakiingia ndani ya nyumba habari zinamfikia kabla yao. Kaeni barazani, mlango wazi, viti vikitazama njia. Au rudini mume akiwepo, na yeye ndiye asalimiwe kwanza. Na mtoto asiyefikia utu uzima habatizwi bila idhini ya wazazi. Mwombe baba kabla hujamzungumzisha mtoto mambo ya tarehe ya ubatizo.

Usafiri ni miguu, bajaji na daladala. Bodaboda iache. Baiskeli ni nzuri kwenye lami ya kwenda Mikindani, ila mitaa ya mchanga inazamisha tairi jembamba na miiba haina huruma. Beba kiraka, gundi na pampu, si pampu peke yake.

Mwili nao. Chandarua kila usiku, hata kama feni inafanya kazi, maana umeme ukikatika saa 8 usiku mbu wanajua. Homa ikianza usimeze dawa kwa kubahatisha. Kipimo cha haraka cha malaria kipo kwenye zahanati na majibu ni dakika 15 hadi 20. Ikionekana, dawa mseto (ALu) kwa mtu mzima ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, korosho kiganja kimoja zinatosha, la sivyo haifyonzwi vizuri. Wanaougua tena wiki ya tatu mara nyingi waliacha kwenye kidonge cha 16 kwa sababu kichwa kilikwisha kupoa. Fangasi za mapajani na vidoleni zinatokana na nguo kuvaliwa mbichi. Pumzisha viatu siku moja, yaani jozi 2 za kupokezana, na soksi ziwe za pamba.

Mwenzako wa kazi na chumba ni mada ngumu kuliko malaria. Mara moja kwa wiki wanakaa kupanga wiki inayokuja, na kikao hicho hufungwa kwa kuambiana yaliyowakwaza. Wengi wanakiruka kwa aibu. Wanaokifanya vibaya wanaanza na “wewe huwa”. Kinachofanya kazi ni kuanza na lako, kisha kutaja jambo moja, dogo, lenye siku: sufuria ya ugali ya Jumanne ilikaa hadi Alhamisi. Ugomvi wa wamisionari haujengwi na mafundisho. Unajengwa na masizi, kukoroma, na nani alimaliza maji ya kuchemshwa bila kuchemsha mengine. Gawaneni kazi kwa karatasi ukutani: anayepika haoshi.

Jumamosi jioni kila kitu kinunuliwe, kwa kuwa Jumapili hawanunui wala hawauzi. Mkaa, nyanya, mafuta, na mkate wa sakramenti. Ibada yao huchukua saa 2 tangu 2019, na sakramenti ni mkate na maji, si divai. Kundi likiwa dogo, vijana hawa ndio wanaopanga viti, wanaobariki mkate na wanaotoa hotuba, kwa hiyo andaa hotuba ya dakika 10 hata kama hukupangwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya kufunga saa 24, bila chakula wala maji. Anza baada ya chakula cha mchana Jumamosi, kunywa maji ya kutosha kabla, na usipange mwendo wa kilomita 8 Jumapili asubuhi. Jirani aliyezoea Ramadhani atakuelewa kuliko unavyodhani. Pengine ndiye atakayekuletea uji saa ya kufungua.

Kila baada ya kama wiki 6 simu ya uhamisho inaweza kuja. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560 na basi linaondoka alfajiri, hivyo begi lifungwe usiku. Masika uliza hali ya barabara kwanza. Mei 2024 mvua ziliikata eneo la Somanga na kusini ikakaa siku kadhaa bila njia ya lami. Unayeondoka, acha daftari linalosomeka. Si idadi ya masomo uliyofundisha. Andika: nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya kisima, aje baada ya alasiri, bibi hasikii sikio la kushoto, mbwa anafunguliwa magharibi. Fundi baiskeli ni yupi. Duka gani lina chenji. Madumu yaachwe yamejaa, na ndoo ya kulowekea ukosi ibaki ilipo, imefunikwa, na kile kipande cha sabuni kilichosalia juu yake.